Muulize Anaenda Wapi

Keroka,
7 Oktoba 2024

Kwa binti yangu Kwamboka,

Sijakupigia simu kwa sababu simu ni ya salamu. Neno zito huandikwa, ili mtu asije akasema hakulisikia vizuri.

Jumapili baada ya ibada mama yake Eric alinishika mkono pale nje ya kanisa akaniambia, "Mwalimu, kumbe Kwamboka hasomei unesi? Eric anasema huko Birmingham anasomea wazee." Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Nilicheka, maana sikujua la kufanya na uso wangu. Nilipofika nyumbani nilimpigia shangazi yako Gertrude, unayekaa kwake, naye akakohoa kwa muda mrefu kabla ya kunijibu. Hapo nikajua ni kweli.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisimama mbele ya watu kabla hujapanda ndege, nikawaomba wakuombee kwa kuwa ulikuwa unaenda kuwa muuguzi. Wakakuwekea mikono kichwani. Leo naambiwa umevuka bahari kwenda kusomea jinsi watu wanavyozeeka!

Uzee hausomewi, Kwamboka. Uzee hungojewa. Wazungu wanausomea kwa sababu wamewatupa wazee wao kwenye majumba, na sasa wanatafuta wa kuwaogesha. Sikukulea peke yangu na nyanya yako, tangu Mungu alipomchukua mamako, ili uende ukaogeshe mama za watu ambao watoto wao wangali hai.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi huu uende ofisini kwao uhamie unesi. Usipofanya hivyo, usinipigie.

Nyanya yako hajambo. Anakusalimu.

Babako,
Mwalimu Bethuel


Kingstanding, Birmingham,
19 Oktoba 2024

Baba,

Pokea salamu zangu za heshima kwanza, kwa kuwa nitakayoyaandika baadaye huenda usiyaone kuwa ya heshima.

Sihami.

Sikukudanganya. Uliposema "unesi" mbele ya kanisa nilikuvuta koti, ukadhani naona haya. Mtu pekee aliyeniuliza ninaenda kusomea nini ni Nyanya. Nilipomwambia alicheka, akapiga magoti yake makofi, akasema, "Nenda basi, ukaniulizie kwa nini haya yanalia usiku."

Tunajifunza mifupa na usingizi. Tunajifunza sheria, upweke, kumbukumbu. Tunajifunza kwa nini mzee akianguka mara moja huogopa kusimama tena, na kwa nini hofu hiyo humwua haraka kuliko kuanguka kwenyewe. Darasani niko peke yangu kutoka Afrika. Wenzangu wakisikia nimetoka Kenya huniuliza, "Kwenu si kuna vijana tu?" Nami huwajibu kwamba hao vijana hawakuokotwa njiani.

Halafu kuna hili la kuogesha. Shangazi Gertrude huondoka hapa Kingstanding kabla hakujapambazuka, anapanda basi kwenda kuogesha wazee, na anarudi miguu imevimba. Ukilitaja jambo hilo kwa kinyaa, Baba, kumbuka unataja mikono ya dada yako.

Nitaendelea kukupigia. Usiposhika, nitapiga tena. Na nikipiga, nipe Nyanya niongee naye. Salamu za kuletewa zimenichosha.

Mwanao,
Kwamboka


Keroka,
8 Novemba 2024

Kwamboka,

Mtoto akililia wembe, mpe. Basi shika wembe wako.

Ila usinifundishe habari za wazee. Huku kwetu hakuna mzee asiye na mwenyewe. Mama yangu anakula kwa mkono wangu na analala chini ya paa langu. Hilo nalo kawaambie darasani kwenu, waliandike.

Ulipopiga simu juzi alikuwa amelala. Baridi ya huku imezidi, na mtu wa umri wake hulala sana.

Babako


Kingstanding,
2 Desemba 2024

Baba,

Nimewaambia. Wiki iliyopita kila mmoja wetu alitakiwa aeleze jinsi wazee wanavyotunzwa kwao. Nilisimama nikasema kwetu Keroka mzee hafungiwi mahali. Nikasema baba yangu, mwanamume mjane, anamlisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Profesa akaniuliza, "Na huyo baba, nani anamsaidia?" Nikamjibu kwamba kwetu swali hilo haliulizwi. Nilirudi kwenye kiti changu kichwa juu. Kwa hiyo hata kama umenikasirikia, jua kwamba huku nakutetea.

Acha nikusimulie kisa. Siku mbili kwa wiki chuo hunituma kwenye kituo cha wazee huko Sparkhill, nijifunze kwa vitendo. Yupo mzee mmoja Mhindi, Jayantilal, mzaliwa wa Kisumu. Ana dimenshia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu. Kiingereza kimemtoka chote, kimebaki Kigujarati na Kiswahili cha sokoni Kisumu. Kila alasiri huchukua kofia yake na kuuendea mlango. Siku yangu ya kwanza nilimzuia. Akanipiga kofi.

Binti yake, Dipika, alikuwa ameingia kumchukua. Nilidhani ataniomba radhi. Badala yake alinigombeza mimi! "Kwa nini unamshika? Muulize anaenda wapi."

Nikamuuliza. Mzee akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Kufungua duka," akasema. "Watu wamesimama nje."

Tukatoka naye, tukashika Stratford Road, mabasi yakipita yamefuatana, akinamama wakichagua vitambaa. Mwenye duka mmoja, Manjit, alipomwona kwa mbali aliishusha nusu shata yake, ule mlango wa chuma wa duka, makusudi, ili mzee aipandishe. Akaipandisha. Akaketi ndani, akanywa chai, akawaamkia wateja, kisha akarudi nasi kwa amani. Dipika aliniambia kaka yake alitaka baba yao afungiwe ndani. Yeye alikataa. Alipita duka baada ya duka akiwatajia watu ugonjwa wa baba yake kwa jina, na mtaa mzima sasa unamwangalia.

Nakusimulia haya kwa kuwa kila nikipiga simu Nyanya amelala. Amelala asubuhi, amelala mchana, amelala jioni. Hakuna mtu anayelala hivyo, Baba. Ni mgonjwa? Niambie.

Kwamboka


Keroka,
10 Januari 2025

Kwamboka,

Mama ni mzima. Usiwatafutie watu magonjwa kwa kuwa umejifunza majina yake.

Mwambie shangazi yako asijisumbue kuja mwaka huu. Barabara imeharibiwa na mvua na nyumba ina ukarabati.

Babako


Keroka,
14 Februari 2025

Kwamboka mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kuta za nyumba hii zinapitisha sauti, na babako yuko chumba cha pili. Eric anarudi Birmingham kesho, nitampa barua hii mkononi. Isome ukiwa umeketi.

Nilikuja bila kumwambia. Hakuna barabara iliyoharibika, na hakuna ukarabati. Nilimkuta kaka yangu uani anaanua shuka. Aliponiona hakufurahi. Macho yake yalikimbilia kwanza mlango wa ile stoo tuliyokuwa tukiweka mahindi. Una kufuli kwa nje, na dirisha limepigiliwa mbao.

Nyanya yako yumo humo.

Usipige kelele, sikiliza kwanza. Chumba kimefagiliwa. Kitanda ni safi, mwenyewe ni msafi, amekonda kidogo. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nyimbo za kanisa anazijua zote, lakini hajui kama amekula. Dalili zilikuwepo kabla hujaondoka, babako anasema, ila alizidharau. Kisha alfajiri moja Septemba, wewe umeshafika Birmingham, alikutwa ndani ya boma la Ronald, jirani yetu, amejifunga leso tu, anazungukazunguka kwenye ua. Wiki hiyohiyo mtoto wa Ronald akalazwa hospitali. Unajua watu husema nini mwanamke mkongwe akionekana alfajiri kwenye boma la mtu. Walilisema. Halafu mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati.

Msichana aliyekuwa akimsaidia alikimbia. Hakuna mwanamke mwingine aliyekubali kuvuka lango hili. Kwa hiyo babako anamwogesha mwenyewe. Unajua vizuri kwamba kwetu mwana kuona uchi wa mama yake ni mwiko usio na mfano. Nilimkuta akifanya kazi hiyo. Alikuwa amefumba macho, anapapasa sabuni kama kipofu, huku akimwimbia ili asiogope. Nilichukua kitambaa mkononi mwake. Akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia analia, mtu mzima yule.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akanijibu, "Ningewaambia nini? Kwamba mama yetu wanamwita mchawi?"

Usimhukumu haraka. Lakini nami siwezi kukudanganya: kufuli ni kufuli.

Shangazi yako,
Gertrude


Kingstanding,
23 Februari 2025

Baba,

Najua. Usimlaumu Shangazi.

Fungua mlango.

Nilitaka kuandika hayo tu na kufunga bahasha, lakini nina mengine. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwetu mzee hafungiwi. Wiki ijayo nitasimama palepale niwaambie si kweli. Sitaona haya. Haya ndiyo iliyopigilia dirisha lile mbao.

Kuhusu kumwogesha, sikucheki na sikuhukumu. Hakuna hata mmoja darasani kwetu, profesa akiwemo, aliyewahi kufanya jambo gumu namna hiyo. Lakini hulazimiki kufumba macho. Kuna njia ya kumwogesha mtu akiwa amefunikwa. Chukua leso mbili kubwa. Moja inamfunika kuanzia shingoni, nyingine ni ya kumkaushia; unaosha mkono mmoja, unaukausha, unaurudisha ndani, ndipo unatoa mwingine. Mwili hauwi wazi hata mara moja, wala kwako wala kwa baridi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Sehemu za siri mpe kitambaa mkononi ajioshe mwenyewe, mikono ya wazee hukumbuka. Hayo ndiyo ninayosomea, Baba. Hiyo ndiyo kozi uliyoionea aibu mbele ya kanisa.

Nyanya si mchawi, na wala hazururi. Mtu mwenye dimenshia akitoka nje huwa anaenda mahali. Sisi ndio hatupaoni. Kabla hujamrudisha ndani, muulize anaenda wapi. Kisha mfuate.

Na uwaambie watu. Litamke jina la ugonjwa kanisani, sokoni, kwa Ronald. Ugonjwa usiotajwa hupewa jina na adui.

Kwamboka


Keroka,
5 Machi 2025

Kwamboka,

Unasema vizuri sana ukiwa mbali.

Hujawahi kukaa gizani ukisikia jiwe likianguka juu ya mabati, na mama yako akikuuliza ni mvua gani hii isiyolowesha. Mimi nimekaa. Nilimwambia ni mvua ya mawe itapita. Akaniamini. Unajua uzito wa kuaminiwa hivyo?

Kufuli unalolilaani ndilo lililomweka hai. Mlima wa pili kutoka hapa mwanamke wa rika lake alitolewa nyumbani kwake na umati, na hakurudi. Mwanawe alikuwa msomi kama wewe. Alikuwa Nairobi, akawaandikia ndugu zake maneno mazuri juu ya haki. Maneno yalifika baada ya mazishi.

Unataka nitamke. Nikitamka "mama yangu hana akili zake," nusu yao watasema uchawi umemrudia mwenyewe. Nawajua. Niliwafundisha kusoma.

Kwa hiyo nakuamuru kama baba: usiongee na mtu yeyote wa hapa juu ya jambo hili. Ukifungua kinywa na mama yangu akadhurika, damu yake utaibeba wewe.

Ile michoro nimeiona. Nimeijaribu. Inafaa.

Bethuel


Kingstanding,
15 Machi 2025

Baba,

Sikukutii. Nakuandikia mimi mwenyewe ili usisikie kwa mtu.

Jana nilimpigia Ronald. Tulikaa dawati moja darasa la tano, namba yake haikunishinda kuipata. Aliposikia ni mimi alitaka kukata. Nikamwambia, "Ukikata nitapiga tena, na tena, mpaka simu yako iishe moto."

Nikamwambia Nyanya ni mgonjwa, ana dimenshia, na kwamba wewe umemfungia stoo kwa kumwogopa yeye na wenzake wa bodaboda. Halafu akasema, "Mtoto wangu alilazwa wiki ileile, Kwamboka. Wiki ileile."

"Hospitali walisema ni nini?"

"Malaria."

"Basi kamfungie mbu."

Akanitukana. Nikamtukana pia, siandiki hapa nilivyosema. Kisha nikamwambia, "Wewe unadai ulimwona alfajiri. Uliona nini? Ulimuuliza chochote, au ulikimbia ukaja na hadithi? Kama wewe ni mwanamume, nenda pale alfajiri bila jiwe, umtazame kwa macho yako." Hapo ndipo alipokata.

Naogopa, Baba. Lakini sitasema nimekosea. Ukimya wako ulikuwa unamwua polepole, kwa chakula kizuri na shuka safi. Ningekuwa na viza ya kutoka na kurudi bila kupoteza masomo ningekuwa hapo langoni mimi mwenyewe. Sina. Ninachonacho ni mdomo, nimeutumia.

Kwamboka


Keroka,
20 Machi 2025

Ronald na wenzake wamekuja jioni hii. Wamesimama langoni na pikipiki zao, wametazama, wameondoka bila neno. Tangu sasa nitalala na panga.

Usiniite baba tena.

Bethuel


Kingstanding,
21 Aprili 2025

Kaka Bethuel,

Salamu kutoka kwangu. Hushiki simu yangu, kwa hiyo nami nimeingia kwenye barua.

Nilirudi kazini mwezi uliopita nikiwa na hasira na binti yako. Nilimwambia, "Umewasha moto wewe ukiwa mbali na moshi." Akanijibu, "Shangazi, moto uliwaka kitambo. Mimi nimefungua dirisha."

Haachi masomo. Anaenda Sparkhill kwa wale wazee, anarudi, anasoma. Kila asubuhi anakaa kwenye ngazi na simu mkononi, anangoja kusikia kama mama yu hai. Chakula anakigusa tu.

Jambo lingine. Chuo kilimwita. Walikuwa na barua yako ya kuwataka wamhamishe unesi kwa nguvu. Walimuuliza kama ana neno. Alisoma yote mpaka mwisho, akawarudishia, akawaambia, "Ni baba mzuri. Hapana."

Tuambie mama yukoje. Ukitukasirikia tukasirikie, lakini tuambie.

Dada yako,
Gertrude


Keroka,
18 Mei 2025

Kwamboka mwanangu,

Naandika nikiwa barazani. Mlango wa stoo uko wazi, na Mama yuko uani anazozana na kuku. Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa nilitaka kwanza niwe na hakika kwamba ninachokuambia hakitabadilika kesho.

Sikufungua kwa ajili ya maneno yako. Nilifungua kwa sababu Ronald alikuja. Ilikuwa alfajiri, kabla ya Pasaka, na alikuwa peke yake. Niliisikia sauti yake nje nikasimama nyuma ya mlango na panga. Akasema, "Mwalimu, Kwamboka amenitukana. Alisema nije nione kwa macho yangu. Nimekuja. Fungua."

Nikamwambia, "Ukimgusa, leo mmoja wetu atazikwa."

Akasema, "Sijabeba kitu. Tazama mikono. Tangu anipigie silali vizuri. Fungua, Mwalimu."

Sijui ni nini kilichonifanya nigeuze ufunguo. Nadhani nilikuwa nimechoka. Mama alitoka amevaa nguo zake, akajifunga leso kiunoni, akaikaza, akatupita sote wawili kama miti. Nilinyoosha mkono nimshike. Kisha nikaurudisha, nikamuuliza, "Mama, unaenda wapi?"

Akanitazama kwa dharau. "Kazini. Na wewe, leo huna shule?"

Tukamfuata. Hakupotea hata hatua moja. Alipita kwenye upenyo wa ua, akaingia kwa Ronald, akasimama mbele ya ile miti midogo ya ua ambayo Ronald alipanda kuzunguka boma. Akaanza kuchuma. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kwa mikono yote miwili, upesi hata macho yangu hayakuweza kuifuata, huku akirusha majani nyuma ya bega kwenye kikapu kisichokuwepo. Yalikuwa yanaanguka chini nyuma yake, kijani, rundo zima.

Wewe hukuwa umezaliwa. Pale palikuwa na shamba lake la chai kabla baba yangu hajaliuza kwa babake Ronald. Alilichuma tangu alipoolewa, kila alfajiri, mvua au baridi. Nami mwanawe niliyekunywa chai ile sikulikumbuka!

Ronald alichuchumaa. "Anachuma chai," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine, "Mwalimu, anachuma chai." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mkewe, akamvika Mama mgongoni. Mama hakugeuka. Alisema tu, "Mmechelewa kukileta."

Ningependa kukuambia kwamba kuanzia hapo watu wote walielewa. Hapana. Jumapili iliyofuata nilimpeleka kanisani, nikaketi naye mstari wa mbele. Benchi letu lilibaki tupu, sisi wawili. Nilisimama nikalitamka jina la ugonjwa, nikawaambia kwamba mama yangu ni mgonjwa na mimi ndiye ninayemwogesha. Mchungaji aliniambia niketi. Sikuketi. Niliendelea mpaka nikamaliza, na Mama akapiga makofi, akidhani ni mahubiri. Baada ya hapo kikao kilikaa bila mimi, nikaondolewa kwenye uzee wa kanisa "kwa ajili ya amani." Nimewaambia amani ya namna hiyo wakae nayo. Ninaendelea kwenda kila Jumapili, na benchi ni lile lile la mbele.

Mawe yalirudi mara moja. Ronald na vijana wake wa pikipiki walikuja wakakesha uani kwetu, taa zao zikimulika barabara. Tangu hapo kimya. Asubuhi natembea na Mama. Wapo wanaotuona wakavuka upande wa pili. Hao nawasalimu kwa sauti kubwa, kwa majina yao yote matatu, kama nilivyokuwa nikiita rejista.

Kuniasi uliniasi, Kwamboka. Jambo hilo sijalifuta, na siku ukija tutakaa tulizungumze, na nitasema kwa ukali. Mama angeweza kufa. Wewe unajua hilo na mimi najua. Lakini niite baba. Barua itakayoanza na jina langu tupu sitaipokea.

Kuhusu unesi, nimewaandikia chuo kwamba waachane na mimi.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu leo. Jana walikuja watu wawili hapa, mmoja asubuhi, mwingine jioni, wala hawakujua habari za mwenzake. Wa kwanza ana baba yake. Wa pili ana mama mkwe. Wote wawili walianza kwa kunisimulia mvua na bei ya mbolea, chai ikapoa. Kisha wa kwanza akatazama mlango wa stoo, akateremsha sauti, akasema, "Mwalimu, hata sisi tuna kufuli." Wa pili hakuweza kulisema. Alifanya tu ishara ya ufunguo kwa vidole.

Niliwaambia warudi Jumamosi. Nikajifanya nina la kuwaambia. Sina, mwanangu, zaidi ya leso mbili na ile michoro yako.

Basi andika. Andika kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, unajua macho yangu. Nitawasomea hapa barazani, kwa sauti, na apitaye njiani asikie.

Babako,
Bethuel